"Mbona Sisi Tulisoma Mia na Ishirini?"

Kuna hoja moja nimechoka kuisikia pale vimbwetani, na kwa kuwa huwa inatolewa na wanafunzi wenzangu wa elimu, nimeona bora niijibu kwa maandishi kuliko kuendelea kupayuka juani. Hoja yenyewe ni hii: "Ukubwa wa darasa ni kisingizio cha walimu wavivu. Sisi tulisoma tuko mia na ishirini, wengine chini ya mwembe, na leo tuko chuo kikuu. Mtoto mwenye akili atasoma tu."

Haya, tufanye hesabu ndogo. Wachukue wale mia na ishirini ulioanza nao darasa la kwanza. Wangapi walimaliza kidato cha nne? Wangapi walivuka kidato cha sita? Wangapi wako chuo, hiki au kingine chochote? Mimi nilikaa siku moja nikawahesabu wa kwangu kwa majina, nikapata watatu, na mimi mwenyewe nikiwemo. Sasa ukituuliza sisi watatu kama darasa kubwa lina madhara, tutasema halina, maana sisi tulipita. Wenye jibu tofauti hawaji kimbwetani. Mmoja wao anaendesha bodaboda pale stendi ya kwetu. Ni mtu mwerevu, anajua bei ya kila kitu na njia zote za vichochoroni, lakini ujumbe wa simu ukiwa mrefu ananipa mimi nimsomee. Darasa la pili tulikaa dawati moja.

Kwa hiyo tusiulize kama mtu anaweza kupenya kutoka darasa la mia na ishirini. Anaweza, ndiyo sisi hawa. Tuulize darasa hilo linamfanya nini mwalimu, na linawafanya nini wale wengine mia na kumi na saba.

Kabla ya hapo tuelewane kuhusu namba, kwa sababu zinatuchanganya hata sisi tunaofanyia mtihani. Kiwango kinachotajwa na serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Basi utasikia shule fulani ina uwiano wa 1:50, utasema hapo si pabaya, wamezidi watano tu. Chukua mfano wa shule yenye wanafunzi 900, walimu 18 na vyumba tisa. Gawanya 900 kwa 18, unapata 50. Lakini watoto hawakai kwenye walimu, wanakaa kwenye vyumba. Gawanya 900 kwa tisa, kila chumba kina watoto 100. Saa yoyote ukipita, walimu tisa wako darasani wanapambana na watoto mia mia, na tisa wengine wako ofisini wanasubiri kipindi chao. Kwenye taarifa inasomeka 50. Mtoto hajawahi kuiona hiyo 50 hata siku moja. Na mara nyingi hata hiyo 100 haigawanywi sawasawa: darasa la saba limepungua kwa utoro na wanaoacha shule, darasa la kwanza limefurika hadi mlangoni.

Tulifikaje hapa, nyote mnajua. Mwaka 1977 tulikuwa na UPE, watoto wakaletwa shule kwa wingi na walimu wakaandaliwa mbio mbio. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ada ya msingi ikafutwa chini ya MMEM. Januari 2016 ikaja elimu bila ada mpaka kidato cha nne. Kila mara mlango ulifunguliwa kabla chumba hakijawa tayari. Sina ugomvi na mlango. Niliingia kidato cha kwanza 2018, na nyumbani kwetu ada ingekuwepo sidhani kama leo ningekuwa naandika haya. Mtu asinisome vibaya akadhani nataka watoto wapungue kwa kubaki nyumbani.

Sasa nije kwa mwalimu. Mwaka jana nilikwenda TP katika shule moja ya kata, sitaitaja jina. Nilipewa kidato cha pili, Kiswahili na Historia, mikondo miwili: mmoja una wanafunzi 112, wa pili 108. Nilikwenda na maandalio ya somo yaliyonyooka, yana ile safu ya shughuli za mwanafunzi kama tulivyofundishwa. Wanafunzi wakae katika vikundi vya watano watano, wajadili, wawasilishe, mwalimu afafanue. Watano watano kwa watu 112 ni vikundi 22, na wawili wanabaki hawana pa kwenda. Kila kikundi kikiwasilisha kwa dakika mbili tu, ni dakika 44. Kipindi chenyewe ni dakika 40.

Hilo la vikundi watu hulicheka likaisha, na kwa kweli kuna namna ya kulizunguka. Lisilozungukika ni kusahihisha. Nilitaka wanafunzi wangu waandike insha, basi, insha moja ya kawaida ya ukurasa mmoja na nusu. Madaftari 220. Ukiisoma insha ya mtu kwa dakika nne, ambazo hazitoshi kumwandikia hata sentensi mbili za maana pembeni, ni dakika 880. Saa 14 na dakika 40 za kukaa umeinamisha shingo, kabla hujaandaa kipindi cha kesho, kabla ya zamu, kabla ya kula. Na mimi nilikuwa wa TP, nina mikondo miwili tu. Mwalimu mwenyeji wangu alikuwa nayo minne. Nilipomuuliza huwa anafanyaje, alinijibu bila kuzunguka: "Mwalimu, insha hapa ni mara moja kwa muhula. Na hiyo mara moja ni mtihani."

Sikumlaumu, na mpaka leo simlaumu. Alikuwa mtu wa kazi hasa, anaingia darasani kwa wakati, sauti imemkauka ifikapo Alhamisi. Alichokuwa amefanya ni kutafuta maswali yanayosahihishika. Chagua herufi ya jibu sahihi. Andika ndiyo au hapana. Jaza nafasi. Oanisha orodha A na orodha B. Wanafunzi wanabadilishana madaftari, mwalimu anasoma majibu mbele, kila mmoja anamsahihishia jirani, dakika kumi kazi imekwisha na kila daftari lina vema nyekundu. Mkaguzi akija anakuta kazi zimesahihishwa.

Ila oanisha A na B haimfundishi mtu kujenga hoja. Mtihani wa Historia kidato cha nne unadai insha. Wa Kiswahili unadai insha. Mtoto anafika pale akiwa ameandika insha zinazohesabika kwa vidole, na zile alizoandika alirudishiwa namba tu, 9 au 11, bila kuambiwa kwa nini. Anaanguka, halafu tunakaa tunasema watoto wa siku hizi hawajui kujieleza. Wangejuaje? Nani aliwahi kupata muda wa kusoma walichoeleza?

Hili ndilo ninalotaka tuliangalie zaidi kuliko kelele, joto na uhaba wa madawati. Darasa likizidi kiasi fulani, mwalimu habaki kufundisha somo lilelile kwa watu wengi zaidi. Anaanza kufundisha kitu kingine. Anaacha yale yanayohitaji kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, anabaki na yale yanayowezekana kwa pamoja: kuimba majibu, kunakili ubaoni, kukariri. Hakuna mtu aliyeamua hivyo kwenye kikao. Ni wingi wa watu ndio uliomwamulia.

Na kabla hatujawacheka walimu wa kata, tujitazame wenyewe hapa hapa chuoni. Kozi yetu ya saikolojia ya elimu tunaisoma watu mia kadhaa katika ukumbi mmoja, waliochelewa wamekaa kwenye ngazi. Mhadhiri hawezi kusoma kazi mia kadhaa za mtu mmoja mmoja, anatoa kazi ya kikundi cha watu 15. Tunajua wote inavyofanywa: mmoja anaandika, wa pili anachapa, wa tatu anapeleka, kumi na wawili wanatuma namba za usajili kwenye grupu na kuandika "poa, tuko pamoja". Ni yaleyale ya oanisha A na B, kwa bei ya chuo kikuu. Halafu tukifika mwaka wa tatu tunaambiwa tuandike utafiti, watu wanaanza kutafuta madesa ya waliotangulia. Tusishangae sana.

Lakini kama ningepewa chumba kimoja tu cha kupunguza wanafunzi nchi nzima, nisingekipeleka chuo wala kidato cha pili. Ningekipeleka darasa la kwanza. Sababu yangu nimeipata kwa mama yangu mdogo, ambaye amefundisha darasa la kwanza na la pili miaka mingi. Mwaka huu ana watoto 130. Watoto hao, anasema, wanasoma kwa sauti moja nzuri sana, ukipita nje utadhani ni kwaya: ba, be, bi, bo, bu. Siku moja alichukua zilezile silabi akaziandika ubaoni kwa kuzichanganya, bu ikatangulia, ba ikawa katikati. Kwaya ikaendelea kama kawaida, ba, be, bi, bo, bu, na kijiti cha kiranja kikiwa juu ya bu. Wengi walikuwa wamekariri wimbo. Wachache waliokuwa wakisoma kweli walinyamaza, wakabaki wanaangaliana.

Tangu hapo akajiwekea utaratibu wa kuwasikiliza watoto kumi kila siku, mmoja mmoja, mezani kwake, wengine wakinakili. Watoto 130 kwa kumi ni siku 13 za shule. Maana yake mtoto wa miaka sita anasikilizwa na mwalimu wake mara moja katika wiki mbili na nusu. Akikosea herufi leo, ataendelea kuikosea wiki mbili kabla mtu hajamwambia. Na huyo ni mwalimu anayejituma. Hakuna anayemlazimisha kufanya hivyo. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Ukiamua kumpa kila mtoto sehemu yake sawa, kila mmoja anapata chini ya sekunde 14.

Insha unaweza kujifunza ukubwani, kwa shida lakini unaweza. Mtoto aliyefika darasa la tatu hajui kusoma, kila somo baada ya hapo linampita juu ya kichwa, kwa sababu kila somo linakuja kwa maandishi. Anapandishwa darasa na wenzake, anakaa nyuma, ananyamaza. Kimya chake kinafanana na utulivu, na katika darasa la watu mia utulivu unapokelewa kwa shukrani.

Utafiti unasema nini? Ule maarufu kuliko wote ulifanyika jimbo la Tennessee, Marekani, kuanzia 1985, unajulikana kama Mradi wa STAR. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, tangu chekechea mpaka darasa la tatu: wengine madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine 22 hadi 25. Wa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu, na waliofaidika zaidi ni watoto weusi na watoto wa familia maskini. Zingatia kwamba "darasa kubwa" lao ni watu 25. Mama mdogo nilipomwambia alicheka mpaka akakaa chini. Hatuwezi kuubeba utafiti ule mzima mzima na kuupanda huku, lakini jambo moja naona linabebeka: faida ilionekana kwa wadogo, na zaidi kwa wale ambao nyumbani hakuna wa kuwasaidia.

Wengine hunitajia Japani, kwamba wamefaulu na madarasa makubwa. Makubwa kiasi gani? Ukomo wao kisheria ulikuwa 40 kwa miaka mingi, na mwaka 2021 wakabadili sheria kuushusha mpaka 35 kwa shule za msingi. Mjadala wa 40 au 35 ni mjadala mzuri. Siyo wetu bado.

Upande wa pili wa hoja nao una nguvu, na sitaki kuuruka. Mwaka 1996 California iliamua kushusha madarasa ya watoto wadogo mpaka watu 20, na ikafanya kwa haraka. Ghafla walihitajika walimu wapya maelfu, wakaajiriwa wengi wasio na sifa kamili, na shule za maskini ndizo zilizoachwa na walimu wasio na uzoefu. Kugawa darasa moja kuwa mawili ni rahisi; mwalimu wa pili ndiye mgumu kupatikana.

Utafiti ulionikaa kichwani zaidi ni wa jirani zetu. Kenya ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2003 na madarasa yakafurika kama ya kwetu. Kuanzia 2005, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za magharibi mwa nchi hiyo ambako kamati za wazazi zilipewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja wa ziada wa darasa la kwanza, kwa mkataba mfupi. Darasa likashuka kutoka wastani wa watoto 82 mpaka 44. Hapo ungetegemea wote wafaidike. Kilichotokea ni kwamba watoto wa walimu wa mkataba ndio waliojifunza zaidi. Walimu hao walilipwa kama robo ya mshahara wa mwalimu wa serikali, na bado walikosa kazini siku moja pungufu kwa wiki. Walimu wa serikali, walipoona mzigo umepungua, walipunguza juhudi. Tena baadhi yao walizishawishi kamati kuajiri ndugu zao. Wazazi walipowezeshwa kusimamia kwa karibu, mambo yote mawili yalipungua.

Kama mtu anayesubiri kuwa mwalimu wa serikali, sikufurahia kuusoma utafiti huo. Lakini ndio unaojibu swali letu vizuri kuliko ubishi wa vimbwetani. Nafasi anayopewa mwalimu darasa linapopungua anaweza kuitumia kumsikiliza mtoto, na anaweza kuitumia kukaa ofisini. Namba peke yake haimchagulii. Kuna jingine katika utafiti huohuo ambalo husahaulika: katika baadhi ya shule zile watoto waligawanywa kwa kiwango walichonacho badala ya bahati nasibu, na pande zote mbili zikafanya vizuri zaidi, waliokuwa mbele na waliokuwa nyuma. Mwalimu alikuwa na watu wanaokaribiana, akajua aanzie wapi. Hilo la mwisho halihitaji jengo.

Najua kuna watakaokimbilia ile robo mshahara na kusema dawa imepatikana. Hapana jamani. Walimu wa kujitolea wanaolipwa kwa michango ya wazazi tunao tayari, ni kaka na dada zetu waliohitimu hapa na kukaa mtaani miaka wakisubiri ajira. Kuna siku nilimkuta mmoja wao kwenye shule niliyofanyia TP. Anafundisha Hesabu kidato cha kwanza, analipwa pesa ambayo bumu la mwezi mmoja linaizidi, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kila asubuhi. Nchi ina madarasa ya watu 112 na wakati huohuo ina walimu waliosomeshwa kwa mkopo wa serikali hawana kazi. Mambo hayo mawili yakikaa meza moja, mwenye bajeti anatakiwa atueleze vizuri. Anachotufundisha yule dada wa kujitolea na wale wa Kenya ni kwamba mwalimu anayejua kuna mtu anamtazama, na anaona nafasi ya kupanda, anafanya kazi. Hilo linaweza kufanyika na mshahara kamili.

Nini basi kifanyike? Kwanza, ndani ya shule zenyewe. Nendeni kwenye kikao cha kupanga vipindi mwanzo wa mwaka mtaona: mwalimu hodari anapelekwa darasa la saba, mgeni anapelekwa darasa la kwanza, na chumba kikipatikana kinatengwa kwa ajili ya kambi ya wanaojiandaa na mtihani. Mwalimu mkuu simshangai, kwa sababu matokeo ya darasa la saba yanatangazwa na yeye ndiye anayeitwa kujieleza. Darasa la pili nao wanapimwa kusoma, kuandika na kuhesabu, ila sijawahi kusikia mtu kavuliwa madaraka kwa sababu ya upimaji huo. Zile shule za walimu 18 na vyumba tisa zinaweza kuanza kesho: darasa la kwanza ligawanywe nusu mbili, nusu ya asubuhi mapema na nusu ya kuanzia saa nne, wagawanywe kwa kiwango, na wale walimu tisa waliokuwa wanasubiri ofisini wawe wanapokezana kusikiliza watoto wakisoma. Mwalimu wa Sayansi wa darasa la sita hashindwi kumsikiliza mtoto akisoma ba.

Pili, kuna Januari 2028. Kwa mtaala mpya ulioanza 2024 elimu ya msingi inakuwa miaka sita, na waliokuwa darasa la tatu mwaka ule wanamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wa mwisho wa darasa la saba nao wanamaliza. Mikupuo miwili itagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Serikali imeshaonyesha kwamba ikitaka kujenga inajenga: mwishoni mwa 2021, nikiwa kidato cha nne, fedha za Uviko zilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache, 12,000 kati yake ya sekondari, na Januari 2022 watoto wakaingia kidato cha kwanza bila kusubiri awamu ya pili. Kwa hiyo kuta zitapatikana, naamini. Ninachohofia ni nani atasimama ndani ya hizo kuta, na kama tutaishia kujaza sekondari kwa kuwaondoa walimu shule za msingi, ambako tayari mmoja ana 130.

Na hao watakaosimama ndio sisi. Tuliopo mwaka wa pili sasa tunamaliza 2027. Tukipata ajira mapema, kazi yetu ya kwanza ni mikupuo miwili ile. Tunaandaliwaje? Kwa mazoezi ya kufundisha mbele ya wenzetu 12, kwenye chumba chenye feni, kila mmoja amekaa kimya anasubiri zamu yake, akijifanya mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Anainua mkono vizuri, anajibu vizuri, tunapigiana makofi. Halafu tunapelekwa kwa watu 112.

Hili liko ndani ya uwezo wa chuo, halihitaji bunge. Zoezi moja kati ya yale yanayohesabiwa alama lifanyike mbele ya watu 80, tunao, tumejaa kwenye ukumbi wa saikolojia kila Jumanne. Tufundishwe kwa vitendo namna ya kusahihisha insha 20 kwa wiki kwa mzunguko, kila mwanafunzi afikiwe mara moja kila wiki tano au sita, badala ya kuzikimbia zote. Tufundishwe kumpima mtoto kusoma kwa dakika moja. Tufundishwe kupanga darasa kwa kiwango bila kuwapa watoto majina ya kuwaaibisha. Na wasimamizi wanaokuja kutukagua TP waulize kwanza darasa lina watu wangapi, ndipo wahesabu alama za ushirikishaji. Safari iliyopita wenzangu wawili walikatwa alama kwa kutokutumia vikundi katika chumba ambacho mwalimu hawezi hata kufika dawati la tatu.

Barua ya kuomba mambo hayo nimeshaiandika, nimeipitisha kwa wawakilishi wa madarasa wa mwaka wa pili na iko kwa waziri wa elimu wa serikali yetu ya wanafunzi. Inahitaji sahihi kabla ratiba ya TP haijatoka. Anayeona mia na ishirini si tatizo naye aje, akae na madaftari 220 Jumamosi moja, kisha aamue kama anasaini.